Je, Hatima Yangu Imeshaandikwa? Tumuulize Dante



Wapendwa vijana, kuna swali ambalo huulizwa karibu kila semina ya vijana, na mara nyingi anayeliuliza ni yule aliyekaa nyuma kabisa: "Kama Mungu anajua tayari mimi nitaishia wapi, mbinguni au motoni, sasa najisumbua nini?" Watu wanacheka kidogo, padre anatabasamu, muda unakwisha, tunaenda kula. Swali linabaki palepale. Na lina pacha wake, ambaye huulizwa zaidi na wale walio vyuoni: "Hivi kusoma sana hakumtoi mtu kwa Mungu?"

Leo nataka tuyachukue maswali haya mawili pamoja, maana ukiyaangalia vizuri ni swali moja. Mwanadamu anaweza kujua kiasi gani, na kujua kwake kunabadilisha nini kuhusu mwisho wake? Tutamtumia mwalimu ambaye si padre wala mtawa. Ni mlei, mwanasiasa aliyefukuzwa mjini kwao, baba wa watoto, mshairi: Dante Alighieri.

Kwa ufupi tu. Dante alizaliwa Firenze, Italia, mwaka 1265. Mwaka 1302 wapinzani wake kisiasa walimhukumu akiwa nje ya mji, na hakurudi tena nyumbani mpaka alipofariki Ravenna mwaka 1321. Akiwa uhamishoni ndipo alipoandika shairi refu linaloitwa Komedia, ambalo watu wa baadaye waliliongezea neno "Takatifu". Lina sehemu tatu, Jehanamu, Toharani na Paradiso, na jumla yake ni nyimbo 100. Sisi tuliozoea tenzi tunaelewa jambo hili haraka: shairi refu linalosimulia safari na kufundisha dini kwa wakati mmoja. Hata Mathias Mnyampala wa Dodoma aliiweka Injili katika utenzi. Kwa hiyo msiogope neno "shairi".

Msifikiri pia kwamba tunatoka nje ya Kanisa. Papa Benedikto XV aliandika waraka mzima juu ya Dante mwaka 1921, na Papa Fransisko akaandika barua ya kitume tarehe 25 Machi 2021, miaka 700 tangu kifo chake. Ila tahadhari moja: Dante anawaweka watu kwa majina kabisa motoni, mapapa wakiwemo. Hilo ni la mshairi. Kanisa hutangaza watakatifu, lakini halijawahi kumtangaza mtu fulani kwa jina kwamba yuko motoni. Tumsome tukijua hivyo.

Mzee aliyetaka kujua kila kitu

Katika wimbo wa 26 wa Jehanamu tunakutana na Ulysses, shujaa wa Wagiriki wa kale. Yumo ndani ya ulimi wa moto, mahali pa watu waliotumia akili yao kuwashauri wengine vibaya. Anasimulia mwisho wake, na kisa hiki ni cha Dante mwenyewe, hakimo kwa Homer. Ulysses anasema kwamba si mapenzi kwa mtoto wake, si heshima kwa baba yake mzee, wala si upendo aliodaiwa na mke wake vilivyoweza kushinda hamu yake ya kuujua ulimwengu. Akawachukua wenzake wachache, wazee kama yeye, wakafika kwenye mlango wa bahari wa Gibraltar, ambapo watu wa kale waliamini ndiyo mwisho wa mahali binadamu anaporuhusiwa kupita. Hapo akawapa hotuba fupi: ninyi hamkuumbwa kuishi kama wanyama, mmeumbwa kutafuta wema na maarifa. Wakapiga makasia. Baada ya miezi mitano wakaona mlima mrefu kwa mbali. Wakafurahi. Upepo wa kisulisuli ukatoka kwenye nchi ile mpya, ukaizungusha merikebu, bahari ikawafunika wote.

Sasa niambieni, kosa lake liko wapi? Hotuba yake ni ya kweli. Hata mimi ningeinukuu kwenye mahafali. Ni kweli kabisa kwamba hatukuumbwa tuishi kama wanyama; Katekisimu inafundisha kwamba akili ni moja ya alama za sura ya Mungu ndani yetu. Wataalamu wanabishana juu ya Ulysses huyu mpaka leo, na mimi nina maoni yangu. Naona ubaya hauko kwenye neno hata moja alilolitamka, uko kwenye alichokitumia. Alichukua ukweli akaufanya chambo. Wale wazee walimwamini, na yeye akawapeleka kufa ili macho yake yashibe. Tena alianza kwa kuwaacha watu aliokuwa anawadai kuwapenda. Mtume Paulo ana neno lake juu ya hili katika 1 Wakorintho 8:1: maarifa peke yake humvimbisha mtu, ila upendo ndio unaojenga.

Na kuna jambo ambalo msomaji wa haraka hulipita. Mlima ule ambao Ulysses aliuona kwa mbali ni mlima wa Toharani. Dante mwenyewe anafika palepale, kwenye mlima uleule! Lakini Dante hakwenda kwa makasia yake. Aliombewa, akatumiwa mtu wa kumwongoza, akapita kwanza kwenye giza la dhambi, tena akiwa anaogopa. Wote wawili walikuwa na hamu ya kujua, na mwisho wao haukufanana.

Wanaotaka kujua kesho

Hapa nitapita haraka, ingawa najua wengine mngependa nikae. Katika wimbo wa 20 wa Jehanamu wapo wapiga ramli na watabiri. Adhabu yao ni kwamba vichwa vyao vimegeuzwa, nyuso zinatazama mgongoni, kwa hiyo wanatembea kinyumenyume na machozi yao yanadondokea kiunoni nyuma. Waliotaka kuona mbele sana, sasa hawaoni mbele kabisa.

Tukicheka, tujicheke na sisi. Kuna kijana anafungua simu asubuhi kusoma nyota yake kabla hajafanya ishara ya msalaba. Mwingine ametuma pesa kwa "nabii" wa kwenye simu ili aambiwe jina la mume wake. Katekisimu namba 2116 inakataa aina zote za uaguzi, nyota na kusoma viganja vikiwemo, na sababu inayotoa ni nzuri: nyuma yake kuna tamaa ya kuwa na mamlaka juu ya wakati na juu ya watu wengine. Yaani ni Ulysses yuleyule, amebadilisha chombo tu.

"Ni nyota yangu"

Wimbo wa 16 wa Toharani uko karibu katikati kabisa ya shairi zima, na sidhani kama ni bahati. Dante yuko ndani ya moshi mzito pamoja na roho zinazosafishwa dhambi ya hasira. Anamuuliza mtu mmoja, Marko wa Lombardia: dunia imeharibika hivi kwa sababu gani, kosa ni la nyota au ni letu? Zama zile watu wengi, hata wasomi, waliamini nyota zinasukuma maisha ya watu.

Marko anaguna kwanza. Ndiyo, anaguna, kama mzee aliyechoka kusikia swali lilelile. Halafu anamjibu kwamba kama kila kitu kingelazimishwa na mbingu, basi kusingekuwa na haki yoyote katika kumlipa mtu mwema furaha na mwovu huzuni. Nyota zinaweza kukusukuma kidogo mwanzoni, anasema, lakini umepewa mwanga wa kutambua jema na baya, na umepewa utashi huru, ambao ukipigana vizuri mwanzoni utakuja kushinda vyote.

Weka mahali pa "nyota" maneno yetu ya leo. Ukoo wetu una laana. Nimelelewa bila baba. Mtaani kwetu wote wanakunywa. Haya ni mambo ya kweli, yana uzito, na Marko hakusema hayana. Alichokataa ni kuyapa kiti cha hakimu. Yoshua bin Sira alishasema hivyo kabla yake katika sura ya 15, mstari wa 14 hadi 17: Mungu tangu mwanzo alimwacha mtu mikononi mwa shauri lake mwenyewe, akamwekea moto na maji, anyooshe mkono anapotaka.

Baba na mwana

Sasa tufike mahali ambapo naomba msome taratibu. Kijana mmoja aliniuliza baada ya mazishi ya kaka yake aliyefariki kwa ajali ya bodaboda usiku, akitoka kunywa: "Alikuwa hajaungama miaka sita. Ameshapotea, si ndiyo?" Swali kama hilo halijibiwi kwa nadharia. Dante analijibu kwa watu wawili, baba na mwanawe.

Baba ni Guido wa Montefeltro, jemadari maarufu kwa ujanja. Uzeeni alijua kabisa, kwa akili zake zote, kwamba ni wakati wa kutengeneza mambo na Mungu. Akavaa kanzu ya Wafransisko. Kwa simulizi la Dante, Papa Bonifasi VIII akamwendea kutafuta mbinu ya kuwashinda maadui zake, na kumwahidi ondoleo la dhambi hata kabla hajaitenda. Guido akapiga hesabu, akaona yuko salama, akatoa shauri: ahidi mengi, timiza machache. Alipokufa, Mtakatifu Fransisko alikuja kuichukua roho yake. Shetani akamzuia, akatoa hoja ambayo haina tundu: asiyetubu haondolewi dhambi, na huwezi kutubu jambo huku unalitaka. Halafu akamcheka Guido: hukujua kuwa na mimi nimesoma mantiki?

Yumo motoni katika shimo lilelile la Ulysses. Alikuwa na maarifa, kanzu, na hata karatasi ya malipo mkononi. Ndugu zangu, wapo wanaosema "nitafanya tu, Jumamosi nitaungama". Huyo ni Guido mdogo.

Mwana ni Buonconte. Huyu hakuvaa kanzu yoyote. Aliuawa vitani Campaldino mwaka 1289 akiwa mwanajeshi mwenye dhambi zake, na mwili wake haukuonekana. Dante naye alipigana vita vile, upande wa pili! Kwa hiyo anapokutana naye Toharani, wimbo wa 5, anamuuliza kama mtu anayetaka kujua kweli: ilikuwaje, mbona hatujui ulikozikwa? Buonconte anasimulia kwamba alikimbia kwa miguu akiwa amechomwa kooni, damu ikitapakaa uwandani, mpaka ukingoni mwa mto. Macho yakaishiwa nuru. Neno lake la mwisho lilikuwa jina la Maria. Akaanguka mikono yake ikiwa imefanya msalaba kifuani. Malaika akamchukua, na shetani akabaki akipiga kelele: unaninyang'anya huyu kwa sababu ya chozi moja tu? Kwa hasira akaleta mvua, mto ukafurika, ukaubeba mwili na kuifungua ile mikono iliyokuwa msalaba. Mwili aliupata. Roho hakuipata.

Nani aliyekuwa pale mtoni akaona? Hakuna. Wenzake wa jeshi wangekuambia Buonconte alikufa vibaya. Dante aliyatunga mazungumzo haya, hatusemi ana taarifa kutoka mbinguni, lakini anafundisha jambo ambalo Kanisa linalisimamia: katika namba 1452 ya Katekisimu, majuto kamili, yatokayo katika kumpenda Mungu kuliko vyote, huondoa hata dhambi ya mauti yakiwa na nia thabiti ya kwenda kuungama mara itakapowezekana. Kati ya pikipiki kuanguka na moyo kusimama kuna nafasi ambayo mimi na wewe hatuijui. Yule kijana sikumwambia kaka yake yuko mbinguni, maana sijui. Nilimwambia aombe Misa. Huombi Misa kwa mtu ambaye umeshamfungia faili.

Na kisa hiki hakimpi mtu ruhusa ya kusubiri mtoni. Mwulize Guido kuhusu kupanga toba.

Jicho halisukumi jahazi

Turudi kwa yule wa nyuma ya ukumbi. Katika wimbo wa 17 wa Paradiso, Dante anakutana na babu wa babu yake, Cacciaguida, aliyekufa katika vita vya msalaba. Mzee anamwambia wazi kitakachompata: atafukuzwa mjini, atakula mkate wa watu wengine na kuonja ulivyo na chumvi, atapanda na kushuka ngazi za nyumba zisizo zake. Na kabla ya kumwambia anaweka msingi. Mambo yote yajayo yanaonekana katika Mungu, anasema, lakini hayalazimishwi kwa kuonekana, kama vile jahazi linaloshuka na mkondo halisukumwi na jicho la anayelitazama.

Ukisimama ufukweni Bagamoyo ukaona jahazi linaingia, hukulileta wewe. Mungu anatuona hivyo, ila yeye hasimami sehemu moja ya ufuko. Katekisimu namba 600 inasema kwake nyakati zote zipo mbele yake kwa pamoja, na katika mpango wake ameweka pia jibu huru la kila mtu kwa neema yake. Na namba 1037 inakata mzizi: Mungu hajampangia mtu yeyote aende motoni. Kwa hiyo "Mungu anajua" haina maana ya "Mungu ameshakufungia mlango".

Je, mfano wa jahazi unamaliza kila kitu? Hapana. Mungu si mtazamaji tu, ndiye aliyeumba bahari na upepo, tena ndiye anayetupa neema ya kushika usukani. Mtakatifu Thomas wa Akwino aliandika kurasa nyingi sana juu ya hilo. Lakini mfano unavunja ule uvivu wa kusema "imeandikwa" na kulala.

Mtu wa mto Indus

Dante ana swali linalomuuma zaidi, na nampenda kwa kutolificha. Katika nyimbo za 19 na 20 za Paradiso anawaza mtu aliyezaliwa kando ya mto Indus, mbali, ambako hakuna wa kumhubiria Kristo. Mwema kwa maneno na matendo, kadiri akili ya mtu inavyoona. Anakufa bila ubatizo. Kosa lake ni lipi? Wazee wetu waliofariki kabla wamisionari hawajafika Bagamoyo mwaka 1868 wako ndani ya swali hili, kwa hiyo si la Italia peke yake.

Jibu linaanza kwa ukali: wewe ni nani uketi kitini kuhukumu mambo yaliyo maili elfu moja mbali, kwa jicho linaloona shubiri moja? Halafu anaoneshwa maajabu. Mbinguni kati ya wenye haki yupo Trajan, kaisari mpagani wa Roma, na yupo Ripheus wa Troya, mtu anayetajwa kidogo tu katika shairi la Virgil. Hakuna ambaye angewadhania. Na roho zinakiri kwamba hata wao wanaomwona Mungu hawajawajua wateule wote, tena wanafurahia kutojua huko.

Kinachoniumiza ni Virgil mwenyewe. Yeye ndiye aliyemwandika Ripheus, na ndiye aliyemwongoza Dante katika Jehanamu na Toharani yote, mwenye hekima, mpole kama baba. Na katika shairi hili yeye anabaki Limbo. Katika wimbo wa 3 wa Toharani anaeleza kwamba wenye akili kubwa kama Aristotle na Plato walitamani kujua bila kushiba, halafu anainamisha kichwa, ananyamaza. Nadhani hapa Dante ni mkali kuliko Kanisa linavyofundisha leo. Soma namba 847 juu ya wale ambao bila kosa lao hawakuijua Injili lakini wanamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu. Limbo haijawahi kuwa dogma. Lakini kile kichwa kilichoinama kimenifundisha kuheshimu zawadi niliyopewa nikiwa mtoto mchanga, bila kusoma kitabu hata kimoja.

Yule asiyejibu

Mara ya mwisho Dante anauliza moja kwa moja katika wimbo wa 21. Anashukiwa na roho ya Mtakatifu Petro Damiani, mwalimu wa Kanisa, naye anamuuliza: kwa nini wewe, kati ya wenzako wote, ndiye uliyechaguliwa kuja kuzungumza nami? Petro Damiani anajibu kwamba hata Serafi aliye karibu zaidi na Mungu asingeweza kulijibu swali hilo. Anamwomba akirudi duniani awaambie watu wasithubutu kulielekea kwa miguu yao. Paulo naye, baada ya sura tatu nzima za kuhangaika na jambo hili, aliishia kushangaa tu: Warumi 11:33.

Dante anaiacha ile "kwa nini". Anapunguza sauti na kuuliza: basi wewe ni nani? Na hilo linajibiwa vizuri. Petro anamweleza juu ya monasteri yake ya Fonte Avellana chini ya mlima Catria, alivyokula vyakula vya mafuta ya zeituni tu, akavumilia joto na baridi, akiridhika na kumtafakari Mungu.

Kwa mtakaosoma pamoja kwenye Jumuiya: chukueni 1 Wafalme 3:5-14, Sulemani anapoombwa achague, na Yoshua bin Sira 15:11-20. Mwenye Kiingereza, tafsiri ya Longfellow inapatikana bure intaneti. Anzeni na Toharani wimbo wa 5, si Jehanamu. Swali la kujadili: kwa nini Buonconte, aliyesalia na pumzi moja, hakuulizwa anajua nini?